Glock Pekee Haitoshi

Wasee, ukiuliza bastola kali ni gani, wote mnajibu Glock. Glock, Glock, kama vile hakuna kingine kimewahi kutengenezwa. Nusu yenu mmelisikia tu kwa ngoma.

Mimi ningechanganya. Mshiko nachukua wa Ceska, ile CZ 75, juu unajaa kiganjani. Slaidi yake inateleza ndani ya fremu, si kwa nje kama nyingi, ndo maana inakaa chini mkononi. Kifyatulio ni cha 1911 ya John Browning, hapo sibishani na mtu: kinarudi nyuma moja kwa moja. Na ile sefti ya mpini, usipoishika vizuri haifyatuki. Hiyo ni akili ya zaidi ya miaka 100 iliyopita! Glock itoe fremu ya plastiki na magazini ya risasi 17. Basi.

Sasa hapa ndo tutakosana. Ceska hapa Kenya tunaijua kwa taarifa za habari, si kwa katalogi. Na mtaani tuna neno bonoko, ile bunduki feki inawekwa kando ya kijana ameshapigwa risasi. Kwa hivyo yangu lazima ijiandikie kila risasi: saa, mahali, na nani aliishika. Mtasema eti ni nzito, eti betri itaisha. Simu yako ya elfu kumi inajua saa na mahali uko saa hii. Nyinyi wa leza na rangi ya dhahabu, mnataka kumpiga nani?