Msimpe chai ya sukari

Huku kwetu Tlawi, Mbulu, mgonjwa wa saratani akipelekwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndugu humpokea kwa chai ya maziwa yenye sukari. Kwa anayekwenda kupigwa picha ya PET, hilo ni kosa. Dawa anayochomwa ni sukari yenye mionzi, na saratani nyingi huila kwa pupa. Basi kabla ya picha afunge kwa muda wa saa kama 6, anywe maji matupu, na jana yake asibebe mizigo, maana misuli iliyofanya kazi nayo huivuta. Mwenye kisukari aseme mapema. Nguvu ya dawa hupungua nusu kila dakika 110, haimsubiri mtu. Ndugu zangu, mfikisheni kwa wakati.