Moshi wa Jikoni Usipuuzwe

Kikohozi kisichokoma cha mama aliyepika kwa kuni miaka 30, hapa Unguja na Pemba, huitwa uzee. Huenda si uzee, bali ni ugonjwa sugu wa mapafu. Moshi wa kuni, kama wa tumbaku, huziba njia za hewa pole pole, na pafu likishaharibika halirudi lilivyokuwa. Mwaka 2021 ugonjwa huo uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani.

Kwa hiyo kinga ndiyo dawa. Wananchi waache sigara na wajenge majiko yapitishayo hewa. Serikali nayo haina budi kuhakikisha gesi inafika mashamba kwa bei nafuu. Kwani kumhimiza maskini aache kuni bila ya kumpa badala yake ni kumwachia njaa.