Bosi akihama, mkalimani abaki
Sisi tunaofanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali jijini Dodoma, tumeyaona mabadiliko ya viongozi: Machi 2021 Rais mpya, Januari 2022 Wizara ya Afya ikatenganishwa na Maendeleo ya Jamii, na kila safu inapopangwa upya anakuja mkubwa mwenye vipaumbele vyake. Wanaoumia kwanza ni wale waliokuwa wakitegemea moyo mzuri wa bosi aliyeondoka.

Idarani kwetu mwenzetu kiziwi alikuwa akipatiwa mkalimani wa lugha ya alama kila kikao cha watumishi. Mkuu wa idara alipohamishwa, mkalimani naye akakoma kuja. Ndugu yetu akawa anakaa na daftari, anasubiri jirani amwandikie kilichosemwa. Saa nzima ya mazungumzo, anaambulia mistari miwili. Inauma sana.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kuajiri tu hakutoshi. Fedha ya mkalimani iingie kwenye bajeti ya idara, na baraza la wafanyakazi, ambalo haliondoki na waziri, liifuatilie. Wakubwa zetu, mnapokabidhiana ofisi, tafadhali liandikeni hili kwenye taarifa ya makabidhiano.