Akiba hii sharti ioze

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini, msomaji mpendwa, ipo akiba moja nyumbani mwako ambayo isipooza haina faida hata kidogo. Nayo ni maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, vishina vya sukuma wiki, na majani ya mwembe unayoyafagia kila asubuhi na kuyatia kiberiti.

Pita Matuu na vijiji vya Yatta jioni, hasa baada ya mavuno, uone moshi unavyopanda kutoka nyua za watu. Mwenye boma hudhani anasafisha uwanja, kumbe anachoma mbolea. Mvua ikikaribia, mtu yuyo huyo huingia dukani kutafuta mbolea ya kiwandani, pengine kwa mkopo. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000 katika maduka mengi nchini. Septemba mwaka huo serikali ilianza kuuza ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikateremsha bei hadi shilingi 2,500. Hata hivyo, mapema mwaka 2024 kulizuka kashfa ya mbolea bandia, na wakulima wakajikuta wameuziwa magunia ambayo kilichokuwa ndani sicho kilichoandikwa nje. Wengine walikuwa wamekwisha kupanda.

Hebu piga hesabu, mama. Pesa za gunia moja ni sare ya mtoto, au madaftari na kalamu za muhula mzima.

Mgeni anayepita Matuu kwa barabara ya Thika kwenda Garissa huona maembe, mapapai na nyanya kando ya njia, akadhani kwamba udongo wa hapa una rutuba isiyokwisha. Sifa hizo nyingi ni za Mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa enzi ya hali ya hatari, unaoleta maji kutoka Mto Thika. Lakini maji hunywesha, hayalishi. Shamba linalovunwa mara mbili au tatu kwa mwaka kwa sababu ya mfereji huchoka upesi kuliko lile linalongoja mvua. Na aliye mbali na mfereji ana shida yake: udongo usio na mboji haushiki maji. Mvua hunyesha saa moja, ikateremka korongoni na udongo wa juu, na baada ya siku tatu mahindi yananyauka.

Usikate tamaa. Mwaka 1937 ofisa wa kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoionyesha Machakos kama nchi iliyoharibiwa na mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen na wenzake wawili walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wakazi, ijapokuwa walikuwa wameongezeka mara kadhaa, walikuwa wameitengeneza ardhi hiyo kwa matuta, mbolea ya boma na miti. Ardhi ya Ukambani ilifufuliwa na mikono ya wenyewe.

Utasema, "Hao walikuwa na ng'ombe, mimi sina hata mbuzi." Ndiyo maana nakueleza habari za mboji. Ndiyo mbolea ya asiye na zizi.

Katika sehemu za mvua nyingi watu hurundika mboji juu ya ardhi. Matuu usifanye hivyo, kwa kuwa jua na upepo vitalikausha lundo kabla halijaanza kuoza. Chimba shimo, tena chini ya kivuli cha mti. Upana futi nne, kina futi mbili, na urefu kadiri ya vitu ulivyo navyo. Ukiweza, acha nafasi ya shimo la pili kando yake.

Jiko la familia moja halijazi shimo kwa siku moja. Weka ndoo yenye kifuniko jikoni, na kila ukitia maganda nyunyizia majivu au udongo mkavu. Hapo bwana hatapata la kunung'unika juu ya nzi na harufu. Huku nyuma kusanya mabua, maganda ya mbaazi na kunde, majani makavu na magugu uliyopalilia kabla hayajatoa mbegu.

Siku ya kujaza ikifika, tandika kwanza chini kabisa mabua yaliyokatwakatwa, kimo cha shubiri moja, ili hewa ipite. Nyunyizia maji. Fuatisha tabaka la majani makavu, kisha tabaka jembamba la samadi au kinyesi cha kuku. Ukikosa vyote viwili, tumia udongo mweusi wa chini ya mti mkubwa. Nyunyizia majivu kidogo, halafu weka vitu vibichi: maganda ya jikoni na majani mabichi. Funika kwa udongo wa juu, vidole viwili tu. Rudia mpangilio huo, ukinyunyizia maji kila tabaka, hadi lundo lipite mdomo wa shimo. Malizia kwa udongo na nyasi kavu au majani ya migomba.

Maji yatoke wapi, nawe unayanunua kwa mtungi? Tumia yale uliyooshea mboga na mchele, na ya kusuuzia nguo yasiyo na sabuni nyingi.

Sasa chukua fimbo ndefu iliyochongwa, uichomeke kwa mshazari hadi ndani. Hiyo ndiyo daktari wako. Baada ya siku tatu au nne, ichomoe na uishike. Ikiwa na joto, kazi inaendelea. Joto hilo ndilo huua mbegu za magugu. Ikiwa baridi na kavu, au ina unga mweupe, ongeza maji. Ikinuka vibaya, maji yamezidi: pindua lundo na uongeze vitu vikavu. Mchwa nao hupenda vitu vikavu, basi lundo lenye unyevu na majivu pembeni halitawavutia sana.

Baada ya wiki tatu, pindua kila kitu kwa fokojembe ukihamishia shimo la pili, vya juu viwe chini. Rudia baada ya wiki tatu nyingine. Kwa muda wa miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo ulionyeshewa, na lundo litakuwa limepungua karibu nusu.

Usitie shimoni nyama, mifupa wala mafuta. Mbwa na panya watakufukulia usiku. Usitie plastiki, betri, wala miche iliyougua, kama nyanya zilizokauka kwa mnyauko.

Najua wenye ng'ombe wataniuliza: mabua ni ya shimo au ya mifugo? Kiangazi kikikaza, mlishe ng'ombe kwanza. Masazo anayoyakanyaga na kuyakojolea ni bora zaidi shimoni kuliko mabua matupu.

Nawe uliyepanga chumba mjini, usidhani hayakuhusu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza. Toboa ndoo kuukuu chini na ubavuni, upange matabaka yale yale madogo madogo, na utapata mboji ya kutosha kupandia sukuma wiki kwenye gunia mlangoni pako.

Shimo moja halitoshi ekari nzima, na asikudanganye mtu. Anza na bustani ya mboga: sepetu moja kwa kila shimo la sukuma wiki. Mche wa mwembe au mpapai, changanya debe moja na udongo wa juu kabla ya kupanda. Kwa mahindi na kunde, tia konzi mbili katika kila shimo badala ya kumwaga shamba zima. Hivyo kidogo ulicho nacho kitafika kwenye mizizi.

Jambo la mwisho ni majira. Mvua za vuli, zinazoanza Oktoba, ndizo wakulima wengi wa Ukambani huzitegemea kuliko za Machi. Anayetaka mboji yake iwe tayari wakati huo ajaze shimo kufikia katikati ya Julai, punde baada ya mavuno, wakati mabua ni mengi na kiberiti kinanyemelea. Na kama Julai imekupita, jaza mwezi wa Desemba upate ya Machi.

Basi kesho ukimaliza kufagia, kiberiti kirudishe jikoni. Tujaliwapo, tukutane Jumapili ijayo.