JICHO LA ANGANI NA MALAMBO YA SIMIYU

Setilaiti za GRACE zilizorushwa mwaka 2002 zilipima uvutano wa dunia, na zilizozifuata mwaka 2018 huupima, na kwa kipimo hicho hujulikana kama maji yaliyomo ardhini yamepungua. Ni ajabu kweli! Lakini jicho hilo hutazama nchi pana kwa pamoja. Lambo moja la Meatu halilioni. Setilaiti nyingine huona malisho ya Itilima na Maswa yakinyauka.

Je, habari hizo zamfikia nani? Mfugaji akizipata wakati bei ya ng'ombe imekwisha anguka mnadani, hazimfai kitu. Sisi twataka zifike vijijini mapema, kwa maneno mepesi, na vipimo vya mvua viongezwe Bariadi, maana makadirio ya setilaiti husahihishwa kwa vipimo hivyo.