Jino Linasingiziwa

Dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huu tumeurithi, wanasiasa wanautumia majukwaani, na hapa Bunia, kartie ya Lumumba, umegeuka kuwa kanuni ya tiba. Ingia famasi yoyote ukiwa umeshika shavu. Hujamaliza kueleza, muuzaji amekwisha kukuhesabia vidonge vya amoksisilini kwenye kipande cha karatasi, na mteja aliye nyuma yako anakuelekeza kwa mzee fulani mwenye koleo. Hakuna aliyekwambia ufungue mdomo. Hakuna aliyeuliza uvimbe ulianza lini, wala kama unakua. Jino limeshtakiwa na kuhukumiwa papo hapo.

Msemo huo ni wa hatari, na kwa watoto unaua.

Najua kwa nini watu hawaambiliki. Jino lililotoboka mpaka kwenye mshipa wa fahamu haliponi kwa maji ya chumvi. Kama limeharibika kiasi cha kutozibika, daktari wa meno atapiga ganzi na kulitoa, na usiku huo utalala. Kila mtu Bunia ana shangazi au mjomba aliyepona hivyo. Lakini mdomoni hakukai jino peke yake. Kuna fizi, mfupa wa taya, ulimi na tezi za mate, na kila kimoja kina magonjwa yake. Mengine hayahusiani na jino hata kidogo, ila hutokezea pale pale lilipo.

Mfano mkubwa kuliko yote umetoka kwa jirani zetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa anachokiona. Muda si mrefu akiwa Jinja akakutana na mtoto mwingine mwenye uso kama ule, na huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia. Hapo ndipo alipoanza kupekua mafaili ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika kwamba watoto wa Afrika wana saratani ya taya ambayo ilikuwa haijatambuliwa kuwa ni ugonjwa mmoja. Kabla ya hapo kila daktari aliyekutana nayo aliipa jina lake.

Mwaka 1961 alipakia mizigo kwenye Ford kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, wakazunguka kwa wiki kumi na kukata maili zipatazo 10,000 hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Williams alikuwa akifanya kazi Kuluva, kando ya Arua, Uganda. Mtu wa Aru, huku kwetu Ituri, anajua Arua ni wapi. Ni kuvuka mpaka tu. Jibu walilorudi nalo ni kwamba ugonjwa unapenda joto na mvua, na katika ukanda wetu wa ikweta karibu hauonekani juu ya mita 1,500. Bunia iko chini ya mita 1,300. Kasenyi na Tchomia, kule ziwani, ziko chini zaidi. Kwa hiyo hatuzungumzii maradhi ya mbali. Tunakaa ndani ya eneo lake.

Kilichofuata kilifanyika maabara. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli zake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kinaambukizwa kwa mate, na watoto wa kwetu karibu wote hukipata wakiwa wadogo bila kudhurika. Balaa huja pale malaria inapompiga mtoto tena na tena mpaka kinga yake ikashindwa kukidhibiti. Basi orodha ya watuhumiwa ni kirusi na malaria. Jino halimo.

Lakini angalia linavyoingizwa. Uvimbe unakula mfupa unaoshikilia mizizi, na jino linaanza kucheza. Mtoto ana miaka sita, mama anasema ni umri wa kung'oka, hana wasiwasi. Shavu linapovimba wanaamua kulitoa. Linatoka kirahisi, mzee mwenye koleo anasifiwa kwa mkono mwepesi. Wiki inayofuata linacheza la pembeni yake, wanarudi. La tatu. Na seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili; hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua upesi kuipita. Hesabu mwenyewe wiki tatu za kung'oa zina siku ngapi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba maradhi haya yanatibika. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini aliona kisu hakifui dafu, akageukia dawa za saratani, siklofosfamidi ikiwa mojawapo. Kuna watoto waliorudiwa na sura zao ndani ya siku chache, na baadhi yao walipona moja kwa moja. Mwaka 1967 Mulago ilifungua kituo cha kutibu uvimbe huu, na ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mtoto anayewahi ana nafasi nzuri ya kuishi. Anayepitishwa kwanza kwa mng'oaji, kisha kwa mwombeaji, kisha kwa mjomba anayesema ni kijicho cha jirani, huyo anafika figo zikiwa zimeguswa.

Jino la pili linalosingiziwa halijaota hata. Mtoto wa miezi mitano au sita ana homa na anaharisha. Bibi anapitisha kidole kwenye ufizi, mahali pa chonge, anakuta pamevimba na pana weupe. Tanzania wanaita meno ya plastiki, Uganda kaskazini wanaita ebino, na Kongo yetu haijasalimika. Anaitwa fundi, ambaye anachokoa ufizi kwa spoki ya baiskeli au kisu kidogo, bila ganzi, kisha anaweka kiganjani kitu cheupe, laini, kidogo kuliko punje ya mchele. Haya, ndicho kilichokuwa kinamuua. Familia inapumua.

Kile cheupe ni chipukizi la jino, halijapata ugumu kwa sababu wakati wake bado. Mtoto huzaliwa meno yake yote 20 ya utotoni yakiwa yamejificha ndani ya taya, na chonge hutoka akiwa na umri wa mwaka na nusu hivi. Ukichokoa ufizi wa mtoto yeyote, hata mwenye afya ya simba, utakikuta. Na kuharisha je? Miezi hiyo ndiyo kinga aliyopewa na mama inapungua, ndiyo anapoanza uji, ndiyo anapotambaa na kutia mdomoni kila anachookota uani. Asingeharisha ndiyo ingekuwa ajabu.

"Lakini wa jirani alichokolewa akapona." Kuharisha kwingi hupona kwenyewe, hasa mtoto akinyonyeshwa na kupewa maji yenye chumvi na sukari. Fundi anapokea shukrani za kazi ya mwili. Wasiopona hawarudi kwake kudai. Hao wanapelekwa hospitali wakiwa wameishiwa damu au wameoza fizi. Katika hospitali ya Lacor, Gulu, watafiti walipitia rekodi za 1992 hadi 1998 na kukuta mamia ya watoto waliolazwa kwa sababu ya ebino na desturi nyingine ya kuchanja kifua, na baadhi yao walikufa. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo alikuwa Matthew Lukwiya, daktari yule yule aliyeuawa na Ebola Desemba 2000 akiwahudumia wagonjwa wake. Sisi tulioipitia Ebola Ituri tunajua uzito wa ushahidi wa mtu wa namna hiyo.

Kuna noma pia, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Inaanza na kidonda cha ufizi kwa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua, na ndani ya siku chache inakula shavu. Kambi za waliokimbia vita, kama Kigonze, zimejaa watoto wenye utapiamlo. Ikiwahiwa, antibiotiki, lishe na kusafishwa kinywa vinaizuia. Kung'oa jino hakuizuii.

Na watu wazima wana uongo wao: uvimbe wa taya ukiguswa na kisu unaenea. Uko uvimbe uitwao ameloblastoma, unaokua taratibu kwa miaka, zaidi kwenye taya la chini. Ukikwanguliwa tu ndani, mara nyingi hurudi, maana umejipenyeza kwenye mfupa unaouzunguka. Mpasuaji anayekata na ukingo wa mfupa mzima anapunguza sana uwezekano huo. Kilichoitwa kuenea kwa sababu ya kisu ni kisu kilichokata kidogo mno.

Wataniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba hao watafiti wanachukua damu zetu kwenda kuuza. Miaka ya 1972 hadi 1974 wazazi wa West Nile, jirani wa Aru na Mahagi, waliwakubalia watafiti watoe damu ya watoto wapatao 42,000, kisha watoto hao wakafuatiliwa miaka mingi. Ndipo ilipojulikana kwamba waliougua uvimbe wa taya walikuwa na alama za kirusi kile kwa wingi mkubwa damuni kabla hawajaugua. Damu ile imetupa elimu, nasi tumeiacha kabatini tukarudi kwenye koleo.

La pili ni fedha, na hapo sibishi sana. Hospitali ni ghali, barabara ni mbovu, na bunduki hazijanyamaza. Lakini kufungua mdomo na kutazama hakuna bei. Jino lenye tundu lisilozibika, linalouma ukinywa chai ya moto, nenda kaling'oe, tena kwa mwenye ganzi na vyombo vilivyochemshwa. Mtoto ambaye meno yake mazima yanacheza, shavu lake linakua wiki hadi wiki, au jicho linatokeza na tumbo limejaa, asiguswe na koleo. Apelekwe Hospitali Kuu ya Rufaa au hospitali ya CME siku hiyo hiyo. Na wewe mzee mwenye koleo, jino la mtoto likikutokea mkononi zima, bila tundu hata moja, mrudishie baba yake fedha zake. Atazihitaji kwa nauli.