Rimoti za Zamani Usizitupe

Ndugu mwandishi aliyetushauri tununue "rimoti moja ya kila kitu" na kutupa nyingine zote, sijui kwako kuna vyombo vingapi. Hapa Singida mjini, nyumbani kwangu zipo nne: ya televisheni, ya king'amuzi, ya sabufa, na ya deki ambayo hata haiwaki tena.

Rimoti nyingi za bei chee zimejazwa namba za televisheni zinazojulikana. Televisheni itazimika, sawa. King'amuzi je? Mara nyingi hakimo. Inayofaa ni ile inayonakili: unazikutanisha rimoti mbili pua kwa pua, unabonyeza kitufe cha ile ya zamani, mpya inadaka mwanga wake usioonekana kwa macho. Sasa ya zamani ukishaitupa, mpya itanakili kwa nani?

Na hiyo rimoti ya Logitech Harmony uliyoisifu? Kampuni yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kuitengeneza. Halafu kuipanga kunataka intaneti. Kajaribu Kiomboi bando likiwa limeisha.

Ukitaka inayonakili, nenda dukani na rimoti ya king'amuzi chako. Nakili vitufe viwili vitatu, kisha toa betri, subiri kidogo, rudisha, bonyeza. Ikiwa imesahau, mrudishie muuzaji. Angalia pia ukubwa wa vitufe. Mama mkwe wangu anatumia vya kuwasha, sauti na chaneli, basi.

Zangu nne nimezifunga kwa mpira wa baiskeli. Zipo kabatini.